Kwenda Lamu: angalia maji kwanza, saa baadaye

Watu huniuliza sana mambo ya Lamu, manake wajua nna shangazi yangu ameolewa kule na likizo zangu nyingi tangu mdogo nimezimalizia Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na kila mtu swali ni lile lile, nauli ngapi, nilale wapi, siku ngapi zatosha. Hakuna hata mmoja anaeuliza maji yajaa saa ngapi. Na hilo ndo swali la kwanza, yaani kabla hujakata tiketi, na mi nimelijua kwa kulala njaa kwenye tope, ntakueleza.

Kwanza tuelewane, mtu akisema Lamu mara nyingi amaanisha ule mji tu, lakini ni msururu mzima wa visiwa. Kuna kisiwa cha Lamu chenyewe, mbele yake ng'ambo ya mkondo kuna Manda, ukipanda kaskazini kuna Pate ambacho ni kikubwa kweli, alafu Ndau, alafu Kiwayu ambacho ni kama kijiti kimelazwa baharini, na ukizidi kwenda waikaribia Somalia. Mji wa Lamu UNESCO waliutia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwenyeji wa kule akienda mjini hasemi naenda "town" wala naenda Lamu, husema naenda mui, yaani mji, ni wao na mji wao.

Sasa maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, hilo mtu wa pwani halimshangazi, hata neno pwani lenyewe latokana na kupwa. Mambo ni kwamba kule njia nyingi za boti zapita kwenye mikoko na vijito vya kina kifupi, na siku za bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa yapita mita 3, kwa hivo pale ulipopita na boti asubuhi, mchana wapakuta ni tope na kaa wanatembea. Hesabu yake si ngumu. Tazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa kumi na tano ndo bamvua, siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku ikienda mbele ongeza kama dakika 50. Mwezi ukifika saba nane, au ishirini na mbili, maji ni mafu, hayajai sana hayapwi sana, na kujaa kwake kumeshahamia saa nne asubuhi hivi. Basi ukijua mwezi ni wa ngapi we washajua siku yako itakuaje, na ukishindwa kabisa muulize mtu yeyote alokaa pale gatini, atakujibu bila kutazama simu.

Mi sikuuliza. Nlikuwa na wageni wawili wa Nairobi, mwezi kumi na tano, na nikajifanya mwenyeji. Nikamwendea mzee mmoja nahodha nikamwambia ami twataka Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, tutoke saa mbili asubuhi kabla jua halijakuwa kali, akanitazama akasema, "Ndoo saa saba," yaani njoo saa saba. Nikamwambia la, wageni wangu jioni wana mambo mengine. Akarudi kwenye kamba zake, hakunijibu tena. Nikapata kijana mwengine akakubali kwa furaha, na nyinyi mwajua kijana akikubali kwa furaha kuna nini. Takwa waingia kwa kijito katikati ya mikoko, pazuri ajabu, matawi yakuinamia huku na huku, na sisi twapiga picha tu, na maji yaenda zake. Kwenye saa tatu na nusu boti ikakaa. Haikugonga, ilikaa taratibu vile mtu mzima akaavyo kitako. Tukashuka kusukuma tukazama mpaka magotini, mgeni mmoja kandambili yake ya kushoto mpaka leo iko Manda. Tumekaa pale, tuna chupa moja ya maji ya kunywa na paketi ya biskuti, jua la utosi, mpaka kwenye saa saba maji yakaanza kurudi kidogo kidogo na boti ikatikisika. Tunatoka kinywani mwa kijito nani anaingia? Ami na watu wake, kofia kichwani, anavuta sigara. Hakusema kitu. Kanipungia mkono tu.

Usiku nikasimulia, mume wa shangazi akacheka mpaka akakohoa, akasema nyinyi wa Mombasa hamtajifunza. Manake kuna vita vya Shela, mwaka 1812 hivi, Pate na Mazrui waliokuwa wakitawala Mombasa waliungana wakaja kuipiga Lamu, wakashukia pale ufuoni Shela, na walipozidiwa wakakimbilia madau yao wazee wasimulia kuwa walikuta maji yamepwa, vyombo vimekaa mchangani. Waliuliwa pale pale. Baada ya vita vile ndo watu wa Lamu wakawaita Waomani, na ile ngome kubwa katikati ya mji ikaanza kujengwa wakati huo ikamalizika 1821. Kwa hivo ukisimama mbele ya ngome ukaishangaa jua kuwa chanzo chake ni watu walokosea maji, mababu zangu mi hao.

Kufika. Kuna njia mbili. Ndege zatoka Nairobi na nyengine Malindi na Mombasa, zatua kisiwa cha Manda si Lamu, washuka wabeba begi lako watembea mpaka gati lipo hapo hapo karibu, wapanda boti wavuka. Ukifika gatini utazungukwa na vijana kila mmoja akitaka begi, usibabaike, wengi wao si wabaya wanatafuta riziki, lakini bei mpatane kabla mguu haujaingia kwenye boti. Boti ya abiria wote ni mamia si maelfu, ya kukodi peke yako ndo yapanda.

Ya pili ni barabara, na mi hupenda hii ingawa ni ya kuchosha. Ukitoka Nairobi waweza kuja na treni ya SGR mpaka Mombasa ulale, asubuhi mapema sana upande basi, Malindi, Garsen, Witu, Hindi mpaka Mokowe ndo mwisho wa gari. Hapo ni boti tena. Barabara ya Garsen kwenda Lamu zamani ilikuwa adhabu, mwaingia weusi mwatoka wekundu kwa vumbi, sahii ni lami. Lakini mvua ikizidi mto Tana hufurika na barabara hukatika kabisa, ilitokea mwisho wa 2023 watu wakakwama, kwa hivo kama ni wakati wa mvua kubwa piga simu uulize kwanza. Na beba kitambulisho, si kopi, si picha kwenye simu, chenyewe. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 vizuizi vya polisi njia ile ni vingi, mwashuka mwapanga foleni mwaonyesha mwapanda, na kuna wakati magari husubirishwa yaende pamoja na askari. Usilalamike, we kaa dirishani ununue korosho. Mambo ya usalama hubadilika, ukisikia kuna shida bara ya Lamu sikiliza, ila mjini na Shela maisha huwa yaendelea kama kawaida.

Mjini hakuna magari. Watu husikia hivo wakadhani ni maneno ya matangazo, lakini vichochoro vyenyewe gari litapita wapi, pengine mikono miwili ukiinyosha wagusa kuta zote mbili. Siku hizi bodaboda zimeanza kujipenyeza na wazee wanalalamika, na wana haki. Mzigo wabebwa na punda au mkokoteni, na ukisikia mtu nyuma yako apiga kelele "simila! simila!" usigeuke kutazama ni nani, jibandike ukutani kwanza, punda wa mawe ya kujengea hana breki. Kuna zahanati ya punda pale mbele ya bahari tangu 1987, watibu bure. Na paka, Subhanallah, paka wa Lamu, wembamba, masikio makubwa, kila baraza ina wa kwake. Usiwape biriani yako yote.

Kupotea utapotea, hiyo iweke kwenye hesabu. Dawa yake ni moja, mji umeinama kuelekea baharini, kwa hivo fuata mtaro wa maji machafu yanakokwenda (najua, lakini ndo ukweli) na utatokea pwani. Barabara kubwa ya ndani inayokwenda sambamba na bahari waiita Usita wa Mui, hiyo ukishaijua basi. Upande wa kaskazini ni Mkomani, nyumba kubwa za mawe za zamani, upande wa kusini ni Langoni kwetu, kuna kelele zaidi na chakula cha rahisi zaidi. Katikati ni Mkunguni, mbele ya ngome, kivuli cha mikungu na wazee wamekaa wanakujadili wewe.

Kulala, tafuta nyumba ya zamani ilogeuzwa gesti, ziko nyingi na za bei tofauti, na uliza chumba cha juu. Chini kuna joto na mbu, juu kuna upepo. Ukiingia nyumba hizi tazama vizuri. Mlango wa nakshi, alafu daka la kupumzikia wageni wasiofika ndani, waingia kwa kona ili mpita njia asione ndani, kuna kiwanda, yaani uwanja wazi, katikati, alafu misana, vyumba virefu vyembamba vyapandana kimoja nyuma ya chengine. Wembamba wake si mapambo, ni kwa sababu dari yashikwa na boriti za mikoko na boriti haizidi mita 3 hivi, fundi hana ujanja. Boriti hizo hizo ndo majahazi yalikuwa yapeleka Uarabuni na Ghuba miaka na miaka mpaka serikali ikapiga marufuku kusafirisha nje mwaka 1982. Ndani kabisa wakuta ukuta mzima wa vidaka vya chokaa, safu kwa safu, ambapo waliweka sahani za China na vitabu. Ukitaka kuiona imepangwa vile ilivokuwa nenda ile nyumba ya makumbusho ya Kiswahili, ni ndogo, nusu saa yatosha. Makumbusho makubwa ya pwani usiyaruke kwa sababu ya siwa mbili, zile pembe kubwa za kupuliza, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Mi kila nikienda naenda kuzisalimia. Ngome pia ingia, ilikuwa jela mpaka 1984 na babu mmoja jirani yetu yuwakumbuka wafungwa wakitolewa asubuhi kufagia. Makumbusho ya posta ya Wajerumani ni ya dakika kumi.

Adhana ya alfajiri utaisikia, mji una misikiti zaidi ya 20 na yote yaadhini, kama usingizi wako ni mwepesi uliza gesti iko umbali gani na msikiti, jibu litakuwa karibu.

Adabu. Haya si mambo ya polisi lakini watu wataona. Funga leso au vaa suruali ndefu ukiwa mjini, mabega yasitirike, za kuogelea ni za ufuoni Shela si za sokoni. Salimia kwanza ndo uulize, ukimwingilia mtu na "wapi ngome?" bila sabalkheri bila salaam alaikum atakuonyesha lakini atakuonyesha ya mbali. Mwanamke wa buibui usimpige picha, mtoto muulize mamake. Ukiitwa ndani bisha hodi, subiri karibu, vua viatu. Pombe ziko sehemu chache sana, usitembee na chupa. Kiswahili chako cha Nairobi au Dar watakielewa, wao watakujibu Kiamu: njoo ni ndoo, njia ni ndia, macho ni mato, mchele ni mtele, maji ni mai. Usiwasahihishe! Nimemuona mtu akimsahihisha bibi wa miaka themanini. Hiyo lugha yao ndo ilotungiwa mashairi tangu zamani, kwa hivo tulia usikilize.

Mchana maduka hufungwa. Kuanzia adhuhuri mpaka baada ya alasiri mji walala, na we lala. Ramadhani mchana ni mgumu kupata chakula lakini usiku wake hakuna mfano.

Chakula, hapa ntakaa kidogo. Asubuhi usile kwenye gesti hata kama ni bure. Toka saa kumi na mbili na nusu, Langoni utaona mama amekaa mlangoni na karai, mafuta yachemka, atumbukiza kipande cha pembe tatu, kwanza chazama, alafu chapanda juu, chafura kama chajazwa pumzi, akigeuza kwa kijiti mara moja tu, rangi ya mbao mpya, wasikia iliki mpaka kona ya pili. Hayo mahamri. Wayakuta na mbaazi za nazi kwenye sufuria kando, wamiminiwa kwenye kibakuli, wakaa barazani na watoto wa madrasa. Wavunja hamri, ndani hewa tupu, wajaza mbaazi, basi. Mi siku ya kwanza hula sita nikajifanya nimekula manne. Jioni zunguka Mkunguni na pwani, viazi vya karai kwa pilipili ya ukwaju, mishkaki, mkate wa mofa kama uko, kaimati. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kaa na kamba ni rahisi kuliko Mombasa lakini kwenye hoteli za mbele ya bahari hutaamini, kwa hivo uliza watu wa pale wakula wapi. Msimu wa maembe, Disemba kwenda Machi, kula ngowe mpaka utoke chunusi.

Shela ni kama kilomita 3 kutoka mjini, dakika arubaini na kitu kwa miguu ukifuata pwani. Tena maji. Yakiwa yamepwa ni matembezi mazuri, yakiwa yamejaa ile njia ya pwani yakatika utajikuta warukaruka juu ya kuta na viatu mkononi, bora upande boti. Usiku pia boti. Shela kwenyewe siku hizi kumejaa nyumba za Wazungu na bei zake ni za Kizungu, mi silali huko, lakini ufuo wake wa kilomita 12 hivi hauna mpinzani, watembea mpaka wachoka hujakutana na mtu. Msikiti wenye mnara wa duara pale ni wa 1829. Na yale machuguu ya mchanga nyuma ya ufuo, tafadhali, si ya kuteleza na kutupa chupa, chini yake ndo kuna maji matamu yanayonywewa na mji wote wa Lamu. Mvua yaingia mchangani, mchanga wayashika. Mtu akikuuzia kiwanja pale mwambie hapana.

Ukirudi upande wa magharibi wa kisiwa kuna Matondoni, bado waunda mashua kwa mkono. Nenda asubuhi na punda au boti, wasalimie mafundi, kaa utazame shoka dogo la tezo linavokwenda, na ukipiga picha acha kitu cha chai.

Takwa ushasikia, nenda maji yakijaa, toka kabla hayajapwa, mwambie nahodha akupe saa ya kurudi na uifuate. Ni mji wa karne ya 15 mpaka ya 17, watu wake wakauhama, wasema maji ya kunywa yaliharibika, wakavuka wakaenda Shela. Msikiti umesimama na nguzo juu ya kibla, na nje kuna kaburi la nguzo lina tarehe 1094 ya Hijria, yaani 1683 kwa hesabu hii. Watu wa Shela mpaka leo huenda kuomba dua pale. Utulie.

Pate ndo kisiwa ambacho wageni hawaendi na hapo ndo wapotezapo. Boti za abiria zatoka Lamu kulingana na, eeh, maji, manake zapita mkondo wa Mkanda katikati ya Manda na bara, na Mkanda ukipwa ni mtihani. Uliza jana yake usiku, na usiulize mara moja tu, uliza watu watatu uchukue saa iliyo mapema zaidi. Ukitoka Mkanda bara utaona makreni makubwa, hiyo bandari mpya ya LAPSSET, mradi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na humo botini utasikia maneno yake kwa sababu walio humo ni wavuvi. Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe bilioni 1.76 za fidia. Muulize alokaa karibu yako alipata ngapi, safari itakwisha hujui.

Washuka Mtangawanda, wachukua bodaboda. Mji wa Pate ulikuwa ufalme, alikozaliwa Mwana Kupona yule mtunzi wa utenzi, sasa ni kijiji katikati ya magofu na ndani ya magofu wamepanda tumbaku, yaani sebule ya mfalme ni shamba. Siyu kuna ngome kwenye kijito na sifa yake ni ubishi, jeshi la Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, lilipigwa pale miaka ya 1840 lote na mizinga yake. Na Siyu walikuwa mafundi, ngozi, viti, kunakili misahafu. Magofu ya Shanga ni kwa kutembea kutoka Siyu na mwenyeji, wachimbuaji miaka ya 1980 walikuta misikiti juu ya misikiti, wa chini kabisa wa karne ya 8. Kuna familia huku husimulia kuwa asili yao ni mabaharia wa China walovunjikiwa chombo. Hoteli hakuna za maana, walala kwenye nyumba ya mtu, kwa hivo nenda na simu ya mtu anaekujua, na zawadi, sukari na majani ya chai hayajawahi kukataliwa. Beba pesa taslimu ndogo ndogo, M-Pesa yafanya kazi lakini mtandao una siku zake. Za ATM toa mjini Lamu kabla hujaondoka.

Kiwayu ni mbali, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, mafuta ya boti yatakula bajeti yako, uwe kundi na uulizie hali ya usalama siku hiyo hiyo. Mi nimefika mara moja tu.

Wakati wa kwenda. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, bahari imetulia, jua kali, na siku ya mwaka mpya kuna mashindano ya mashua Shela. Novemba kuna tamasha la utamaduni, mbio za punda, bao, watu wengi. Maulidi ya Mfungo Sita, msikiti wa Riyadha ulojengwa na Habib Swaleh, watu waja mpaka kutoka Unguja na Komoro, ukitaka kulala buku miezi kabla au uwe na shangazi. Aprili mpaka Juni mvua, Julai Agosti kusi yavuma, boti ndogo kwenda Pate zitakutapisha. Omba laifujaketi, ivae, usiikalie.

Siku ya kurudi kwa basi, panga na mwenye boti usiku wake, mabasi ya Mokowe hayachelewi na boti ya kwanza yatoka kungali giza. Halua na kofia nunua jana yake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hivo nunua kikapu, shangazi yangu hunifungia mahamri kwenye leso kabisa na leso hairudi. Ukifika gatini tazama ngazi. Maji yakiwa yamepwa zile ngazi za chini zina ukijani wa mwani, zateleza vibaya, mpe mtu wa boti begi kwanza, shika kamba, ndo ushuke.